Sabuni Nayo Huondolewa

Kile kinachonata kwenye mlango wa kabati la jikoni si mafuta tena. Kilikuwa mafuta siku kiliporuka kutoka kwenye karai, na siku hiyo tambara lenye tone la sabuni lingekiondoa kwa kupitishwa mara moja. Lakini kiliachwa pale, kikapata joto la jiko asubuhi na jioni, kikapigwa na hewa mchana na usiku, mpaka kikageuka kitu kingine kabisa: utando wa rangi ya asali, usiotiririka wala kufutika, unaoshika vumbi la barabarani, unyoya, bawa la kumbikumbi na alama ya kila kidole kilichofungua mlango. Wengi wetu huuchukulia utando huo kuwa ni mafuta ya jana yaliyozidi kuwa mengi, na tunadhani kinachotakiwa ni nguvu zaidi. Tunasugua, mabega yanauma, kabati linabaki linanata, na mwisho tunailaumu sabuni.

Andazi linapotumbukizwa kwenye mafuta yenye joto la nyuzi 170 au 180, maji yaliyomo kwenye donge hugeuka mvuke papo hapo. Ile kelele ya karai ni mvuke unaotoka kwa kishindo, na kila unapotoka hurusha vitone vya mafuta, vingine vikubwa vya kuunguza mkono, vingine vidogo mno hata havionekani. Hivi vidogo hupanda na hewa ya moto. Vikikutana na kitu kilichopoa, iwe ni mlango wa kabati, balbu, panga la feni au fremu ya dirisha, hutua hapo. Kuanzia hapo kazi ni ya oksijeni. Mafuta ya alizeti, haya yanayotujia kutoka Singida na Dodoma, katika aina yake ya kawaida huwa na asidi ya linoleiki kiasi cha asilimia 60 hivi. Asidi hiyo ina nafasi ambazo oksijeni hujipachika, na ikishajipachika, molekuli moja huishika nyingine, nayo hushika ya tatu, mpaka kilichokuwa matone kinakuwa wavu mmoja. Joto huliharakisha jambo hilo. Mafuta ya nazi ni mazito kugeuka hivyo, kwa kuwa karibu asilimia 90 ya asidi zake zimeshiba na hazina pa kushikia.

Fundi rangi anaujua mwendo huu hata kama hakusoma kemia. Rangi ya mafuta anayopaka mlangoni hukauka kwa hatua mbili: kwanza kile kiyeyushi chenye harufu kali huondoka, kisha mafuta yaliyobaki huvuta oksijeni na kujifunga yakawa ngozi ngumu. Edward Saidi Tingatinga, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za makopo, alitegemea mwendo huohuo ili ndege na chui wake wang'ae na wasifutike. Vanishi nyingi za mbao nazo ni hivyo. Kwa hiyo aliyekaanga samaki kila jioni karibu na kabati lake amekuwa akilipaka rangi bila kukusudia, koti juu ya koti, na vumbi likiwa ndani ya kila koti.

Hapo ndipo penye jambo ambalo kila mtu angepaswa kulijua kabla hajashika chupa ya dawa. Uchafu huo na vanishi iliyo chini yake ni ndugu. Wamezaliwa kwa njia moja, na kinachomwua mmoja humwua na mwenziwe. Ukimwaga tina kali ya kuzimulia rangi, au soda kali ya kuzibulia mabomba, utando utatoka kweli, na vanishi itatoka nao, na mbao itabaki kavu, yenye kiu, tayari kunywa mafuta ya siku inayofuata mpaka moyoni. Nimeyaona makabati yaliyosafishwa hivyo. Baada ya miezi michache huwa mabaya kuliko yalivyokuwa, na safari hii doa halipo juu ya mbao, limo ndani.

Nimelifikiria hili mara nyingi ninapowatazama watu wazima wa ukoo wetu. Shangazi yangu alikuwa na mkono mzito wa fedha. Sukari aliipima, mafuta ya taa aliyapima, mtoto aliyeomba shilingi aliulizwa ya nini na chenji itarudi lini. Tulipokuwa wadogo tulimwona bahili. Tulipokua tukajua kuwa ni mkono huohuo mzito uliozuia shamba lisiuzwe mwaka wa shida, na uliolipa ada za watu ambao leo ni walimu na wauguzi. Kama ungekuwako ujuzi wa kuutoa ubahili wake kwa dawa kali, ungetoka na lile tabaka lililotulinda sisi sote. Watu wengi wana kasoro za namna hiyo, zilizoshikana na wema wao kwa gundi moja, na anayetaka kuwarekebisha hana budi kuwa mpole kiasi cha kuchosha.

Kabati la jikoni lenyewe ni kitu kipya kwetu. Bibi zetu wa pwani walipikia uani, kwenye mafiga au seredani, moshi ukaenda zake. Vyombo vilianikwa kwenye kichanja jua likavikausha, na kitoweo kilichobaki kikawekwa kwenye susu lililoning'inia juu paka asifikie. Walichohangaika nacho ni masizi, na masizi yaliisha kwa majivu, mchanga na kumbi la nazi. Jiko lilipoingia ndani ya nyumba, likapata dari, madirisha madogo na makabati ya kufunga, mafuta yakakosa pa kwenda. Tumeuhamisha moto lakini hatukuhamisha na upepo. Mtu anayejenga leo na akasoma mpaka hapa, nitamwomba jambo moja tu: mwambie fundi aweke madirisha mawili jikoni, yanayotazamana. Kazi yote ninayoieleza hapa itapungua kwa sehemu kubwa.

Mama yangu, kule Tanga, aliuza maandazi ya asubuhi na samaki wa jioni kwa miaka mingi, na kabati lake ni la mninga, kazi ya fundi wa Ngamiani aliyejua kuchonga. Milango ina mifereji na maua pembeni, kila ua lina vijishimo, na kila kijishimo ni kituo cha mafuta. Kila mwezi wa Shabani, kabla ya vunja jungu, jiko lote hutolewa nje na kabati huoshwa. Watoto wa kike hurudi nyumbani, wajukuu hupangiwa kazi, na mama hukaa kwenye kiti karibu na mlango, akitazama zaidi kuliko anavyosema.

Sheria yake ya kwanza ni kwamba hakuna anayesugua kabla ya kulainisha. Maji yawe ya moto, kiasi mkono unavyoweza kuvumilia, na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo iwe kidogo tu. Tambara linachovya, linakamuliwa mpaka halidondoshi, kisha linalazwa juu ya pale panaponata, kama mtu anayekanda uvimbe, na kuachwa dakika tano, kumi. Katika dakika hizo hakuna cha kufanya, na hapo ndipo wengi hushindwa. Vijana huona ni kupoteza muda. Lakini maji ya moto yana kazi pale chini: yanaupa utando joto lake, yanaulegeza, na sabuni inapata mwanya wa kuingia kati ya uchafu na mbao. Tambara likiinuliwa huwa limetoka na rangi ya chai ya rangi, na sehemu ya kwanza ya kazi imekwisha bila mtu kutumia nguvu.

Pale palipokomaa zaidi, juu ya jiko hasa na kuzunguka vishikio, mama haanzi na sabuni. Anaanza na mafuta. Anapaka mafuta mapya ya kula kwa kitambaa, kidogo, anayaacha, kisha anasugua taratibu kwa vidole. Wageni hushangaa, lakini mtu aliyekulia pwani hapaswi kushangaa. Nani anapasua fenesi bila kupaka mafuta mikononi na kwenye kisu? Ulimbo haujali maji. Umwagie ndoo nzima, utabaki pale pale. Mafuta ndiyo yanayouachisha mkono. Na mafuta mapya huyaingia yale ya zamani ambayo hayajakomaa sana, yakayalegeza, na sabuni ikija hukuta vyote viwili vimeshikana mikono na kuviondoa pamoja. Penye vijishimo vya maua hupita mswaki wa zamani, na penye kona kijiti cha meno kilichofungwa uzi wa kitambaa. Mswaki hufuata nyuzi za mbao, hausugui kwa kuzikata.

Magadi yana nafasi yake. Ni madini ya alkali, yanayochotwa tangu zamani kwenye Ziwa Magadi upande wa Kenya, ambako kampuni ya kuyachimba ilianzishwa mwaka 1911, na kwenye Ziwa Natron upande wetu. Alkali ikikutana na mafuta huyageuza kidogo kidogo yakawa sabuni, na ndiyo maana majivu yaliwafaa bibi zetu. Kijiko kidogo ndani ya maji ya moto huongeza makali. Lakini kwenye mbao iliyochubuka vanishi, magadi huweza kuacha doa jeusi gumu kutoka, na kwenye vishikio vya alumini hula metali yenyewe. Kwa hiyo hujaribiwa kwanza mahali pasipoonekana, nyuma ya mlango. Makabati ya MDF, zile mbao za nyuzi zilizoshindiliwa, yana adui mwingine, nayo ni maji yenyewe. Yakiingia pembeni mbao huvimba na hairudi tena ilivyokuwa, kwa hiyo tambara lake likamuliwe mara mbili.

Kuhusu siki nitasema kwa ufupi, maana imesifiwa kupita kazi yake. Siki ni nzuri kwa magamba ya birika. Kwa mafuta yaliyoganda haina nguvu kubwa. Na wale wanaochanganya siki na bikaboneti ya soda kwa sababu povu linapendeza, wajue kwamba povu ni hewa tu inayoondoka: asidi na alkali zimezimana, na kilichobaki kwenye bakuli ni maji yenye chumvi chumvi. Lililo la hatari ni kuchanganya siki na maji ya klorini, yale tunayoyaita jiki. Hapo hutoka gesi ya klorini, na jikoni penye dirisha moja gesi hiyo humwumiza mtu mapafu. Tena klorini hung'arisha na kuua vijidudu, haiondoi mafuta. Haina kazi kwenye kabati linalonata.

Shabani iliyopita binti wa dada yangu ndiye aliyepewa milango ya chini. Ni msichana mwenye bidii, na alifanya yote kama alivyoelekezwa. Alilainisha, akapitisha mswaki, akafuta, mninga ukaanza kuonekana ile rangi yake nyekundu ya kahawia. Alipomaliza mlango wa mwisho akarudi kwenye wa kwanza, uliokuwa umekauka, akauwekea kiganja.

"Bibi, mbona bado unanata?"

Mama akamwita auburute mkono wake juu ya ubao tena, taratibu, halafu ajinuse vidole.

"Unanukia nini?"

"Ndimu."

"Basi hayo si mafuta tena, mjukuu wangu. Mafuta umeyatoa. Hiyo ni sabuni yako."

Nilikuwa nimeinama kwenye beseni, na nikabaki nimeinama. Nimemsikia mama akisema mambo mengi jikoni, lakini hili liliniingia na halijatoka. Tangu siku hiyo limekuwa likinirudia katika mambo yasiyohusiana kabisa na makabati.

Sabuni ni ya ukoo uleule wa mafuta. Ile ya mche huchemshwa kwa mafuta na alkali. Kigoma wanaichemsha kwa mawese. Sabuni ya maji ya vyombo hutengenezwa kwa njia nyingine, lakini umbile la kazi yake ni lilelile: upande mmoja wa kila chembe unapenda maji, upande wa pili unapenda mafuta. Ndiyo siri ya kusafisha kwake. Upande wa mafuta unaushika uchafu, upande wa maji unavutwa na maji, na vyote vinaondoka. Ila vinaondoka kama maji ya kuvichukua yapo. Maji yakikosekana, sabuni inakaa pale, imelishika doa la jana kwa mkono mmoja na kunyoosha mwingine kutafuta la kesho. Jioni hiyohiyo mvuke wa karai unakuta pameandaliwa pa kukaa. Baada ya wiki kabati linanata kuliko kwanza, na mwenye nyumba anaongeza nini? Anaongeza sabuni.

Neno lile la mama hunikumbusha wajomba zangu wawili, waliokosana kwa ajili ya nazi. Ilikuwa fedha ya mavuno mamoja, kiasi ambacho mtu angekilipa asubuhi na kukisahau jioni. Hakikulipwa asubuhi. Kikakaa, kikapata joto la maneno ya wake na watoto, kikapigwa na hewa ya kila msiba na kila harusi ambapo mmoja alifika mwenzake akaondoka, na miaka ilipopita hakikuwa deni la nazi tena. Ungewalipa nazi za shamba zima wasingepatana. Kikao cha kwanza cha ukoo kilikwenda na daftari na hesabu za mwaka ule, kikakwangua, na kilichotoka ni ngozi. Aliyefanikiwa alikuwa mzee mmoja wa ukoo, mwenye subira, ambaye kwa muda mrefu hakufanya lolote ila kuwatembelea. Alikunywa kahawa kwa huyu, akanywa kwa yule, akazungumza bei ya mbata na ujirani wa zamani, na kuhusu lile jambo lenyewe hakusema kitu. Alikuwa akilainisha. Siku alipowaita pamoja walikuja wenyewe, na walipeana mikono mbele ya macho yetu. Mjomba mkubwa alilia.

Ningependa kusema yaliishia hapo. Lakini mzee wetu yule, mtu mwema kweli, akaanza kulitaja. Kwenye arobaini ya mtu, kwenye ndoa, kwenye futari: "Hawa mnaowaona wamekaa sinia moja, waulizeni nani aliwakalisha." Alisema kwa furaha, bila nia mbaya, na watu walicheka. Wajomba nao walicheka, lakini nilimwona mjomba mdogo akitazama chini kila mara. Alikumbushwa ugomvi ili akumbuke wema. Kila aliposhukuru, alishikishwa tena lile alilokuwa ameliachilia. Wakaanza kuhudhuria zamu kwa zamu, kama zamani. Hakukuwa na ugomvi mpya. Ilikuwa sabuni.

Mama ndiye aliyemwendea. Mimi nilikuwepo kwa kuwa nilibeba kikapu chake. Alimwamkia, akaulizia afya ya watu wa nyumbani, kisha akamwambia: "Kaka, wewe umefanya jambo lililotushinda sote. Mungu akulipe. Sasa tuliache liende." Mzee alinyamaza, akasema, "Nimekusikia, dada." Na kweli hakulitaja tena, jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa kubwa kuliko kule kupatanisha, maana kupatanisha kunaonekana na watu na huku hakuonekani na mtu yeyote. Wajomba sasa hukutana kwa mambo yao, na hubishana kuhusu bei za nazi kama ndugu wengine.

Tuna neno la kile kinachobaki kisiposuuzwa: masimango. Aliyemsomesha mpwa wake amefanya kazi ya kuosha, na ni kazi ya thamani. Lakini anayemkumbusha kila Idi ni nani aliyemnunulia kalamu anaacha juu ya mtoto yule tabaka ambalo kila vumbi litalishika, mpaka siku moja mpwa hafiki, na watu wanasema hana shukrani. Wazazi tunalifanya hili zaidi ya wote: nilikubeba, nikakesha, nikauza kanga yangu. Yote ni kweli, na ukweli wake ndio unaoyafanya yanate. Hata aliyesamehe anaweza kuubakiza msamaha wake. Utamwona amekuwa mtu anayejulikana kwa kusamehe, anatembea nao, na yule aliyesamehewa kila akimwona anajiona doa. Wazee waliposema tenda wema nenda zako, kwa kawaida tunausikia msemo huo kama faraja kwa asiyeshukuriwa. Mimi siku hizi nausikia kama maelekezo ya kazi. Nenda zako ni sehemu ya wema wenyewe, kama kusuuza kulivyo sehemu ya kuosha, na aliyebaki amesimama pale hajamaliza.

Kusuuza kwenyewe hakuhitaji ujuzi mkubwa, kunahitaji mtu asiyechoka mapema. Mabeseni huwa mawili tangu mwanzo, moja la maji ya sabuni, jingine la maji matupu, na tambara la moja haliingii kwenye jingine. Wakati wa kuosha huanziwa chini kupanda juu, kwa sababu maji ya sabuni yakitiririka juu ya uchafu mkavu huchora mistari migumu kutoka. Wakati wa kusuuza ni kinyume, juu kushuka chini. Maji ya beseni la pili yakianza kuwa na utelezi humwagwa na kuwekwa mengine, na hapa mtu asionee maji huruma kama bomba linatoka. Kisha kitambaa cha tatu, kikavu, cha pamba, shuka iliyochakaa inafaa kuliko kitu chochote cha dukani, na milango inaachwa wazi mpaka upepo upite ndani. Siku ya pili asubuhi, baada ya kukauka kabisa, mama hupitisha mgongo wa kidole. Kiganja kimezoea kushika mambo, anasema, hakitambui. Mgongo wa kidole haudanganyiki. Kidole kikiteleza kimya, basi. Kikisita mahali, panarudiwa kwa maji matupu, bila sabuni hata tone.

Kulitunza kabati baada ya hapo ni mambo madogo ya kila jioni. Kwanza mfuniko wenye tundu juu ya karai, dirisha wazi tangu moto unapowashwa na si baada ya moshi kujaa, na mafuta yasiachwe yakafuka moshi. Kisha, vyombo vinapooshwa, tambara lililokamuliwa kwa maji ya moto hupita kwenye milango miwili iliyo karibu na jiko na kwenye vishikio vyote, maana vishikio huchukua mafuta ya mikononi hata siku isiyokaangwa kitu. Dakika mbili zinatosha kwa kuwa bado ni mafuta, bado hayajawa lile jambo jingine. Kwetu kazi hii hufanywa na aliyekaanga, awe mwanamume au mwanamke, na hilo mama hakulijadili na mtu. Wakwe zake wa kiume waliokuja kukaanga samaki wa sikukuu kwa mbwembwe walipewa tambara mikononi kabla hawajakaa kula.

Juu kabisa, pale pasipofikika bila kigoda, tambara la jioni halifiki, na si haki kumtaka mtu apande kila siku. Hapo hutandikwa gazeti, kurasa zikiwa zimefunguliwa zote na kupishana kidogo, na hubadilishwa kila baada ya miezi michache. Likitolewa huwa limekuwa zito, lina rangi ya chai, na mafuta yamepenya mpaka ukurasa wa nne au wa tano. Mbao iliyo chini yake hufutwa kwa kitambaa kikavu tu. Gazeti hukunjwa kwa ndani, hupelekwa uani likasaidia kuwasha mkaa, na jingine hutandikwa siku hiyohiyo kabla karai halijarudi jikoni.